Kabla Hujabeba Mche, Uliza Kwao ni Wapi

Miche mitatu ya plamsi na mmoja wa peasi niliipakata kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam. Safari ya kutwa nzima, basi limejaa, na mimi nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa kwa sababu sikutaka iwekwe kwenye buti pamoja na magunia ya viazi. Mama aliyeniuzia pale sokoni alikuwa ameifunika mizizi kwa udongo mweusi, akaizungushia jani la mgomba na kukaza kwa kamba ya mgomba. Aliponiuliza naipeleka wapi, nikamwambia Kigamboni. Akaniangalia.

"Huko kwenu kuna baridi, mwanangu?"

"Baridi hakuna, mama, lakini nitaimwagilia asubuhi na jioni."

"Haya. Mungu akusaidie."

Niliimwagilia kweli. Miwili ilikauka kabla ya mwaka kwisha. Mmoja wa plamsi na ule wa peasi ikabaki hai kwa miaka mitatu, imesimama tu, majani machache yenye ncha zilizoungua, hakuna ua hata moja. Nililaumu samadi, nikalaumu mchwa, nikanunua mbolea ya dukani. Muda mrefu ulipita kabla sijalikumbuka swali la yule mama.

Plamsi na peasi ni miti ya nchi za baridi. Kila mwaka inahitaji majuma kadhaa ya baridi ndipo macho yake yaamke na kuchanua. Ikikosa baridi hiyo, inakuwa kama mtu aliyekoseshwa usingizi: haijui lini kulala wala lini kuamka. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6 hivi. Mwezi wa Julai watu wa kule wanavaa makoti mazito mpaka saa nne asubuhi, na miti yao inapata usingizi wake. Sisi Kigamboni bahari iko hapo mlangoni. Ningeimwagilia mpaka kisima kikauke, bado nisingeiletea Julai ya Lushoto.

Tangu hapo, kila ninapokutana na mtu anayependa bustani na anayependa kusafiri kama mimi, namwambia jambo hilohilo: mmea una kwao. Ukiupenda, usianze kwa kuuliza bei. Uliza unakaa wapi ukiwa umeachwa wenyewe, kwenye jua gani, udongo gani, maji gani, na jirani zake ni nani. Ukishajua hayo, angalia kama kwako unaweza kuupatia japo nusu yake.

Sasa hapo ndipo penye kazi, maana wengi wetu kwetu wenyewe hatukujui. Mimi nilikaa kwenye kiwanja changu miaka minne nikiamini nina udongo mzuri kwa sababu ulikuwa rahisi kuchimba. Kilichonifumbua macho ni chupa ya asali.

Fanya hivi. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chimba udongo mahali unapotaka kupanda, wa kina kama cha mkono kuanzia kifundo mpaka ncha ya vidole, si ule wa juu tu uliopigwa na jua. Toa mawe, mizizi na majani. Jaza chupa mpaka theluthi moja, ongeza maji karibu yafike mdomoni, tia chembe ya sabuni ya unga, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha iweke dirishani na usiiguse tena. Mchanga hutua kwanza, ndani ya dakika moja au mbili. Baada ya saa kadhaa hutua lile vumbi laini ambalo ukilisugua kati ya vidole unalihisi kama unga. Udongo wa mfinyanzi ndio wa mwisho, unaweza kuelea siku nzima na usiku wake, maji yakabaki na rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake au keshokutwa utaona matabaka yamejipanga, na unaweza kuyapima kwa rula.

Chupa yangu haikusubiri kesho. Kabla sijamaliza kikombe cha chai maji yalikuwa meupe, na chini kumejaa mchanga mtupu, juu yake ukanda mwembamba kama unene wa sarafu. Kumbe kila samadi niliyotia kwa miaka minne ilikuwa inapita kama maji kwenye chujio la nazi.

Udongo wa namna hiyo hautaki mbolea nyingi kwa mara moja, unataka kitu cha kushika. Hapo ndipo nilipoanza kupika mboji kwa bidii. Lundo langu liko nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini. Natia ndoo mbili au tatu za makavu, yaani majani na makumbi ya nazi niliyoyakatakata, kwa kila ndoo ya mabichi: maganda ya ndizi, mabua ya mchicha, na kinyesi cha kuku wa jirani. Katikati nachomeka kijiti kirefu, kama mabwana shamba wanavyofundisha. Kila baada ya siku tatu nne nakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, naongeza maji na kulipindua, na kikitoka kimelowa huku kinanuka uvundo, naongeza makavu. Kwa joto letu la pwani, ndani ya miezi miwili au mitatu napata kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Natandaza juu ya matuta na kufunika kwa majani makavu, na narudia kila msimu, kwa sababu kwenye joto hili mboji huliwa haraka na vijidudu vya udongoni. Baada ya miaka mitatu ya kazi hiyo nilirudia jaribio la chupa. Mchanga ulikuwa uleule, lakini juu ya maji palielea tabaka jeusi la mabaki ya mboji, na udongo ukiushika mkononi unabaki na alama ya vidole.

Jambo la pili ambalo watu wa Kigamboni, Mbezi na sehemu nyingi za ufukweni wanalijua mdomoni lakini hawalijui bustanini ni chumvi. Kisima changu kina maji ambayo chai yake ina ladha. Mimea inaonyesha mapema: ncha na kingo za majani ya zamani zinaungua, zinakuwa kahawia kama zimepitishwa kwenye moto, na pembeni mwa chungu cha maua panaganda unga mweupe. Ukiona unga huo, acha kumwagilia kidogo kidogo kila siku, maana maji kidogo hukauka na kuacha chumvi palepale juu. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, chumvi ishuke chini ya mizizi. Na mvua ikinyesha, kinga. Mimi nina mapipa mawili chini ya bati, na maji yake ni ya miche na ya mimea isiyovumilia.

Maharage, ndimu, machungwa na parachichi vinateswa mapema na chumvi. Spinachi inavumilia sana, mchicha haulalamiki, mnazi ndio kabisa, na mbugenvilia yangu ya getini inakunywa maji ya kisima mwaka wa saba sasa na inachanua mpaka wapita njia wanasimama. Kama una maji ya chumvi, anza na hivyo. Utapata mboga na utapata rangi, na moyo hautavunjika kabla hujajifunza.

La tatu ni jua. Hili nililijifunza kwa kupoteza tuta zima la miche ya nyanya. Mwezi Juni nilipanda upande wa kusini wa ukuta, penye kivuli kizuri cha mchana. Desemba nikarudia palepale, jua likaichoma miche yote. Hapa Dar es Salaam tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima: Juni linapita kaskazini yetu na kivuli cha ukuta kinaangukia kusini, Desemba linahamia kusini na kivuli kinageukia kaskazini. Ushauri wangu ni kuzunguka bustani saa sita mchana mara moja kila mwezi, kwa mwaka mmoja, ukichora kwenye daftari kivuli kinaishia wapi. Ni dakika tano tu. Hakuna kitabu kitakachokuambia hilo kuhusu ukuta wako.

Daftari hilo ndilo chombo changu cha bei rahisi na ndilo ninalolithamini kuliko jembe. Naandika siku mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, siku vidukari walipoonekana kwenye bamia, nani alinipa mbegu gani. Mambo mengi ninayoyajua yameingia humo kwa kupita tu njiani. Wauza miche walio kando ya barabara ni walimu wakubwa, ukienda saa ambayo hawana wateja wengi. Mmoja alinionyesha kugeuza kiroba cha mche na kuangalia chini: mizizi ikiwa imetoka nje na kuzunguka kama waya, mche huo umekaa sana, usiuchukue hata kama juu unapendeza. Yeye huyo ndiye aliyenikataza kutoa mche chini ya neti yake ya kivuli na kuupanda juani siku hiyohiyo. "Mpe wiki moja azoee," alisema. "Siku ya kwanza jua la asubuhi peke yake, kisha unaongeza." Miche ya watu wengi hufa kwa haraka hiyo, na muuzaji hulaumiwa bure.

Nikiwa na shughuli mjini katikati, napitia ile bustani ya mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, iwe mahali pa kujaribia mazao. Leo ni sehemu ndogo tu iliyozungukwa na magari, lakini kuna mnazi wa Ushelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko mbegu za mimea yote duniani. Nakaa pale dakika kumi. Mti unaokua taratibu kiasi hicho unampunguzia mtu haraka zake.

Safari iliyonibadilisha kuliko zote ni ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa kilimo, wakapanda miti na mimea kutoka pembe zote za dunia wakitafuta itakayowapa faida: mikwinini ya dawa ya malaria, mipira, kahawa, viungo. Ukipita leo unatembea chini ya majitu ambayo kwao ni Asia na Amerika ya Kusini. Mingi ilikataa pale, mingine ikakubali, na mmoja ukakubali kupita kiasi. Huo ni msizi. Kwao ni misitu ya upande wa magharibi, Uganda, Kongo na kuendelea. Ulipopandwa Amani, hondohondo wakayapenda matunda yake wakazisambaza mbegu, na sehemu za msitu zilizokatwa mbao zikajaa misizi badala ya miti ya asili. Mpaka leo wahifadhi wanahangaika nao. Kwa hiyo nikisema uliza mmea kwao ni wapi, simaanishi tu ule utakaokufa kwako. Naujali pia ule utakaostawi mno mpaka umfukuze mwenyeji.

Mwongozaji wetu, kijana wa palepale, alitushusha kwenye bonde lenye kijito. Akasimama mbele ya mwamba uliofunikwa kuvumwani, akanyoosha kidole. Sikuona kitu. Akasogeza jani la jimbi, na hapo chini yake kulikuwa na maua matano ya zambarau, kila moja dogo kuliko sarafu, yenye chembe za njano katikati, na majani ya duara yenye manyoya laini kama shavu la mtoto.

Nilipiga magoti kwenye tope. Ua hilo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, linauzwa kwa mamilioni, na watu wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni hapa. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona Usambara akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Wenyeji walikuwa wakilipita kando ya vijito vyao miaka yote hiyo. Leo aina nyingi za ua hili zimebaki kwenye mabonde machache, na msitu ukikatwa juu yake, jua likiingia, mwamba unakauka na ua linakwisha.

Sikuchuma hata jani. Ile ni hifadhi, na hata isingekuwa hifadhi nisingechuma. Nilikaa nikaangalia mahali lilipokaa, nikaandika: mwamba umelowa lakini maji hayatuami. Udongo ni ukoko tu wa majani yaliyooza, hauzidi kina cha kidole. Jua linafika likiwa limechujwa na miti mirefu. Hewa ina unyevu. Maji yanatokea chini na pembeni, hayadondokei juu ya majani.

Mwaka uliofuata nilinunua chungu kimoja cha ua hilo kwenye kitalu cha Arusha, kizazi kilichokwenda Ulaya kikarudi, na yale maandishi ya Amani ndiyo yaliyonisaidia. Nilikiweka dirisha la mashariki, jua la asubuhi tu na pazia jepesi. Chungu kidogo, kifupi, kwa kuwa kule mizizi yake haiendi chini. Mchanganyiko mwepesi wa mboji iliyochekechwa, mchanga ulioshwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Maji ya mvua, si ya kisima, na nayatia kwenye kisahani chini ya chungu, baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki. Maji baridi yakiangukia majani huacha madoa yasiyotoka.

Na kuzalisha kwake ni furaha ambayo kila mpenda bustani anapaswa kuionja. Unakata jani lililokomaa kiasi, si la nje kabisa wala la katikati, pamoja na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi. Mkato uwe wa mshazari. Unakichomeka kikonyo kwenye mchanga na mboji iliyolowa kidogo, unafunika kwa mfuko mwangavu wa plastiki wenye vitundu, unaweka kivulini. Mwezi mmoja hauoni lolote. Ukishindwa kuvumilia ukalivuta jani kidogo, utahisi limekushika: ni mizizi. Mwezi wa pili au wa tatu, pale jani lilipoingia udongoni, vinachungulia vijani viwili vitatu vidogo kama punje za mtama. Kwangu, kati ya majani sita ya kwanza, manne yalizaa. Miezi ya Januari na Februari, joto la Dar likipanda, yanaacha kuchanua na nayahamishia kwenye korido yenye upepo. Siyalazimishi.

Kilimanjaro nilikwenda kwa msiba, nikabaki siku mbili za ziada kwa sababu ya kihamba, shamba la Wachaga linalozunguka nyumba. Mzee wa nyumba ile ya Marangu, baada ya shikamoo na marahaba, alinitembeza polepole na fimbo yake. Juu kabisa miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Ng'ombe wapo bandani, wanakula mabua ya migomba, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Maji ya mfongo, mfereji wa jadi, yanashuka kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Mpakani imesimama isale, mmea ambao Wachaga huuotesha kuonyesha mpaka na huupeleka kwa waliyemkosea wanapoomba msamaha. "Hapa hakuna jua linalopotea," mzee alisema. "Likipita kwa huyu, linampata yule."

Alitaka kunipa chipukizi la mgomba nije nalo. Nilimshukuru na kumweleza kwa adabu kwa nini silibebi: machipukizi na udongo wake husafirisha minyoo ya mizizi na magonjwa kama mnyauko wa migomba, ule ambao Kagera wanauita unyanjano, na kisu kisichosafishwa kinaweza kuuhamisha kutoka shina hadi shina. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nikaondoka na mpangilio wake badala ya mgomba wake. Nyumbani, maji ya bafuni sasa yanamwagikia shimo lenye migomba minne niliyoipata kwa jirani, chini yake magimbi, pembeni mchaichai unaokula jua linalobaki. Ndiyo kona pekee ya kiwanja changu ambayo haijawahi kunidai maji ya ziada.

Unguja ilinifundisha kitu kingine, na kilikuwa kidogo sana, cha ukubwa wa kijiti cha meno. Kwenye shamba la viungo mkulima mmoja alinionyesha ua la vanila, linalofunguka asubuhi moja tu na kufa. Vanila kwao ni Meksiko, na ilipohamishwa nyuki wake hawakuja nayo. Kwa miaka mingi ilichanua ugenini bila kuzaa. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua kwamba ukiinua kwa kijiti ule utando mdogo ndani ya ua na kubana kwa kidole gumba, ua linashika mimba. Yule mkulima wa Unguja alifanya vivyo hivyo mbele yangu, kwa kijiti cha mchaichai, kufumba na kufumbua. Tangu siku hiyo nikiona maboga yangu yanaangusha matunda machanga, naamka saa kumi na mbili, nachuma ua dume, nalivua petali na kuligusisha kwenye ua jike. Maboga yalishika.

Kitulo niliisubiri miaka mingi. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Ukitokea Chimala unapanda barabara ya kona 57, ndiyo maana inaitwa Hamsini na Saba, na gari likifika juu unakuta uwanda wa nyasi usio na mwisho, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Nenda kati ya Desemba na Aprili, beba koti la mvua na sweta nzito, maana maua yanataka mvua na wewe utalowa nayo. Nilikwenda Januari. Okidi ziko za manjano, za waridi, nyeupe, nyingine ndefu kama mtoto wa miaka mitano, nyingine utazikanyaga usipoangalia.

Hapo nilisikia uchungu pia. Viazi vya okidi vinachimbwa kwenye nyanda hizo na kuvushwa kwenda Zambia, vinakoliwa kwa jina la chikanda. Mmea uking'olewa kiazi chake, basi, ndiyo mwisho wake. Na mpenda maua anayeng'oa akapande kwake anaua vilevile, kwani mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni wa kuilisha. Utabeba ua, kuvu utaiacha Kitulo. Nakuomba, piga picha, lala kifudifudi ulitazame mpaka utosheke, uliache.

Nikisafiri siku hizi nabeba daftari, chupa tupu, na viatu ninavyoviosha kabla ya kuondoka ili nisihamishe tope la shamba moja hadi jingine. Jaribio la chupa nalifanyia hukohuko na udongo namwaga ulikotoka. Mbegu nanunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au naomba kwa mtu ambaye shamba lake nimeliona kwa macho. Kuvuka mpaka wa nchi na mche au mbegu kunataka cheti cha afya ya mimea, na ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu zipo mipakani na bandarini. Wapitie. Kantangaze, mdudu anayemaliza nyanya zetu, kwao ni Amerika ya Kusini, na angalia leo yuko wapi.

Lushoto nilirudi mwaka jana. Yule mama sikumkuta, nikamkuta binti yake pale pale, na plamsi zake zimepangwa kwenye sahani za plastiki. Nilinunua sahani nne, nikala mbili kwenye basi kabla ya Mombo.

Juzi jirani yangu mpya, mwalimu wa shule ya msingi, alinigongea geti akiniuliza apande nini mbele ya nyumba yake kabla vuli haijaanza. Alikuwa na picha za maua kwenye simu, mengi ya nchi za baridi. Nikampa chupa. Ameirudisha jana jioni imejaa maji na udongo wake, ikakaa dirishani kwangu kando ya yale maua ya zambarau ya Usambara. Asubuhi hii maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Kiwanja chake kiko hatua thelathini kutoka kwangu, na ana mfinyanzi.

Nimemtumia ujumbe aje aone, na asinunue kitu chochote mpaka tukae.